Kikao cha asubuhi kilichogeuka taarifa kwa bosi: kisa cha ofisi ya ugomboaji mizigo Tanga

Ofisi tunayoichambua ni ya uwakala wa forodha, mjini Tanga, si mbali na lango la bandari. Ina watu tisa: mwenye kampuni, ambaye wote humwita Mzee, msimamizi wa kazi, ambaye ni mama wa makamo, waandaaji wawili wa kadhia za forodha (kadhia ni maelezo ya mzigo yanayowasilishwa forodha), vijana watatu wanaoshinda bandarini, mhasibu, na karani mkongwe anayeshughulika na mawakala wa meli. Ni ofisi ya mfano. Imejengwa kwa mambo yanayojirudia katika ofisi za aina hii, na tarakimu zake zimepangwa ili msomaji afuate hesabu kwa kalamu yake mwenyewe.

Malalamiko ya wateja ni kwamba mizigo inachelewa kutoka. Zamani lawama zilikuwa na pa kwenda: meli zilikaa nangani, shehena ikashushwa kwenye matishari ndipo ifike ufukweni. Sasa bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafunga gatini. Mzigo ukishashuka mapema, siku zinazopotea ofisini kwa wakala zinaonekana waziwazi, na mteja anazilipia kwa tozo ya hifadhi na dimareji, yaani tozo ya kukaa na kontena kupita siku zilizoruhusiwa.

Mzee hakukaa tu. Aliwapeleka wafanyakazi wawili Dar es Salaam kwenye mafunzo ya skramu, namna ya timu kuendesha kazi kwa mizunguko mifupi. Walirudi na mizunguko ya kazi ya wiki mbilimbili, ubao wenye karatasi za kunata, na kikao cha kila asubuhi. Wiki nane baadaye kikao kinakula dakika 45, ubao haujaguswa tangu Jumatatu, na faili linakaa wastani wa wiki tatu tangu kufunguliwa hadi mzigo kukabidhiwa. Ndipo akaita kocha wa namna hizi za kuendesha kazi, na ombi lake likawa fupi: awanoe vijana.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Kocha akilipokea ombi hilo kama lilivyo, miezi mitatu itapita akifundisha watu ambao hawana uwezo wa kuondoa kinachowakwamisha. Jibu sahihi siku ya kwanza si kukataa wala kumsahihisha mwenye ofisi. Ni kuomba wiki mbili za kuangalia kazi, pamoja na ahadi kwamba Mzee mwenyewe atatenga dakika 40 kila wiki kwa mazungumzo ya watu wawili, mlango umefungwa. Ahadi hiyo isipopatikana, ni heri kazi isianze.

Asubuhi tatu za kukaa kimya

Kocha anakaa pembeni asubuhi tatu na daftari, haongei. Anaandika mambo matatu: nani anasema, kwa dakika ngapi, na anamtazama nani. Katika ofisi hii Mzee anasema dakika 26 kati ya 45. Kila anayejibu anamtazama yeye. Msimamizi, ambaye ndiye anayejua hali ya kila faili, hasemi mpaka aulizwe. Mazungumzo yenyewe ni ya namna hii:

“Kontena la vipuri limefikia wapi?”

“Linaendelea vizuri, Mzee.”

“Linatoka lini?”

“Wiki hii, inshallah.”

Faili hilo lina siku tisa halijasogea. Wakala wa meli hajatoa hati ya kuruhusu mzigo kwa sababu hajalipwa, na hajalipwa kwa sababu masurufu hayajasainiwa, na karatasi ya masurufu iko kwenye droo ya Mzee, aliyekuwa safarini. Kijana analijua hilo. Msimamizi analijua. Ila hakuna atakayemwambia mtu wa umri wa baba yake, mbele ya ofisi nzima, kwamba kazi imekwama mezani kwake.

Makocha wengi huandika hapa neno “woga” na kuanza kuhubiri uwazi. Watasikilizwa kwa adabu, na kesho yake jibu litakuwa lilelile, “linaendelea vizuri.” Kijana yule si mwoga, amelelewa vizuri. Kazi ya kocha ni kutafuta utaratibu ambao ukweli unatoka bila mtu kumvunjia mwenzake heshima. Sehemu kubwa ya yanayofuata ni majaribio ya kujenga utaratibu huo.

Baada ya kusikiliza, kuhesabu. Wanachukuliwa mafaili 20 ya mwisho kufungwa, yote bila kuchagua, maana mtu akiruhusiwa kuchagua ataleta yale mazuri. Kwa kila faili zinaandikwa tarehe: lilipofunguliwa, hati zilipotimia, kadhia ilipowasilishwa, vibali vilipotoka, malipo yalipofanyika, ukaguzi, mzigo kutoka getini, kukabidhiwa. Tarehe zimo kwenye barua pepe, stakabadhi na mihuri. Msimamizi na mwandaaji mmoja wa kadhia wanaimaliza kazi hiyo kwa alasiri mbili, na ni muhimu waifanye wao. Takwimu iliyoletwa na mgeni hubishiwa. Waliyoichimbua wenyewe wataitetea.

Wastani unatoka siku 15 za kazi. Siku 4 zinakwenda kumsubiri mteja akamilishe hati. Siku 3 na nusu ni masurufu na saini. Vibali vya taasisi za serikali vinachukua 2 na nusu, wakala wa meli 1 na nusu, foleni ya ukaguzi na getini 1 na nusu. Kazi ya mikono, yaani mtu kukaa kwenye kompyuta au kusimama bandarini akifanya jambo, ni siku 2 tu. Vijana walioambiwa wanolewe wanazishika siku 2 kati ya 15. Hata wakifanya kazi mara mbili ya kasi yao, mteja anaokoa siku moja.

Hesabu ya pili ni ya wingi. Siku hiyo mafaili 42 yako wazi, na ofisi hufunga 14 kwa wiki. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inasema wastani wa kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kumaliza mara muda ambao kila kazi inakaa. Gawa 42 kwa 14, unapata wiki 3, zilezile siku 15 zilizotoka kwenye tarehe. Njia mbili tofauti zikikubaliana namna hii, kocha ana msingi wa kuzungumza na mwenye ofisi. Zisipokubaliana, kuna mafaili hayajahesabiwa, yatafutwe kwanza.

Kwa nini mizunguko ya wiki mbili haikukaa

Lililofundishwa Dar es Salaam lilikuwa sahihi. Halikuwa la kazi hii. Azimio la ajaili (agile), mtazamo wa kufanya kazi kwa hatua fupi ambao skramu ni sehemu yake, la Februari 2001 liliandikwa na watu 17 wa programu za kompyuta waliokutana Snowbird, Utah, na skramu ilikulia kwenye kazi hiyohiyo: timu inachagua kazi za mzunguko, inajifungia nazo, inaonyesha matokeo mwishoni. Ofisi ya ugomboaji haichagui. Meli ndiyo inayopanga. Mpango wa Jumatatu unavunjika Jumanne meli ikiwahi, na timu inayovunja mpango wake kila wiki huzoea kutouamini mpango wowote.

Inayofaa zaidi hapa ni kanbani, namna ya kuendesha kazi iliyotokana na viwanda vya Toyota chini ya Taiichi Ohno. Haiulizi wiki mbili zijazo tutafanya nini. Inauliza ndani kuna kazi ngapi, zimekwama wapi, na ipi imalizwe kabla mpya haijaingia. Mzunguko wa wiki mbili unaweza kubaki kwa jambo moja: kikao cha kujitathmini.

Na hata skramu yenyewe haikuwa imefuatwa. Kikao cha kila siku ni cha wanaofanya kazi, dakika 15, wapange siku yao. Yale maswali matatu maarufu, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha, yaliondolewa kwenye mwongozo rasmi toleo la Novemba 2020, na bado mafunzo mengi huyafundisha kama amri. Mbele ya bosi maswali hayo hugeuka mahojiano. Mtu akiulizwa jana alifanya nini, atajieleza. Hataeleza mzigo umefikia wapi.

Ubao

Karatasi za kunata zilikuwa zinadondoka. Tanga kuna unyevu, na feni ya dari haizimwi. Ifikapo saa 6 mchana nusu ya kazi za ofisi ziko sakafuni na mtu anazirudisha kwa kukisia. Jambo dogo, lakini ubao ukidanganya mara mbili hakuna atakayeuangalia tena. Tumia ubao laini wa kubandikia matangazo, futi 4 kwa 8, pini, na kadi za manila zilizokatwa ukubwa wa kiganja. Safu zitenganishwe kwa mkanda wa rangi, usichore, kwa sababu ndani ya mwezi wa kwanza safu zitahamishwa.

Safu zilizotoka kwenye hesabu ya mafaili 20 ni hizi, kuanzia kushoto: Hati hazijatimia; Tayari kuanza (kikomo 4); Kuandaa kadhia (kikomo 6); Vibali na malipo (kikomo 8); Ukaguzi na kutoa (kikomo 6); Umekabidhiwa. Ndani ya vikomo ni mafaili 24, na nafasi moja ya kadi nyekundu kwa mzigo wa dharura. Kikomo maana yake safu ikijaa, anayemaliza kazi ya nyuma haisukumi mbele. Anakwenda kusaidia kuivuta ile iliyoko mbele.

Kila kadi ina namba ya faili, jina la mteja, tarehe ya kufunguliwa, siku ya mwisho kabla tozo ya hifadhi haijaanza, na nafasi ya nukta. Kila asubuhi kadi ambayo haijahama safu inaongezwa nukta moja kwa kalamu. Hiyo nukta ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote kwenye ubao. Kadi yenye nukta tisa inasema yenyewe lile ambalo kijana hawezi kulisema.

Safu ya Hati hazijatimia haina kikomo kwa sababu ofisi haimdhibiti mteja, lakini ina sheria: faili halitoki hapo mpaka bili ya shehena, ankara, orodha ya vilivyomo na vibali vya mwanzo vinavyohitajika kwa bidhaa hiyo viwe mkononi. Mteja anatumiwa orodha kwa WhatsApp siku ileile anapoulizia bei, sio wiki ya pili. Ofisi nyingi hufungua faili kwa hati nusu ili mteja ajisikie amehudumiwa. Faili la namna hiyo linaguswa mara sita na halisogei.

Kuna mtego mmoja. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kadhia kuwasilishwa kabla meli haijafika, na wakala mzuri hufanya hivyo. Sasa kadhia iliyokwisha kuandaliwa ikisubiri meli itajaza kikomo bila kosa la mtu. Inahitaji safu yake, Meli bado, isiyohesabiwa kwenye vikomo wala kwenye wastani. Nayo itageuzwa maficho: kadi iliyokwama inahamishiwa pale ili nukta zisiongezeke. Dawa ni kwamba kadi haiingii Meli bado bila jina la meli na tarehe inayotarajiwa, na tarehe ikipita kadi inarudi.

Kuna anayedhani vikomo vyenyewe hupunguza muda. Havipunguzi. Ukizuia mafaili mlangoni wateja wanasubiri mlangoni. Umehamisha foleni tu. Wingi hupungua pale ofisi inapofunga mengi kuliko yanayoingia kwa muda fulani. Hapa ilikuwa rahisi kwa sababu mafaili kama 10 yalikuwa yamebakiza saini pekee. Mzee alikaa alasiri moja na mhasibu, akayapitia yote. Wiki tatu mfululizo ofisi ilifunga 18 kila wiki huku yakiingia 14, na 42 yakashuka hadi 30.

Kikao kipya cha asubuhi

Kinaanza saa 2:15. Salamu zinafanyika kabla, saa 2 kamili, kwa chai na kitumbua, na hazikatwi. Makocha waliofundishwa kwamba dakika 15 ni dakika 15 huwahimiza watu waruke kujuliana hali. Huku pwani kikao kilichorukwa salamu kinaanza na watu waliojifunga. Wape robo saa yao, kisha pima muda.

Watu wanasimama mbele ya ubao, na msimamizi anausoma kutoka kulia kwenda kushoto, yaani kutoka mzigo ulio karibu kabisa kutoka. Swali linaulizwa kwa kadi: “Mzigo huu unasubiri nini?” Mtu hatajwi. Jibu nalo linakuwa la kitu: unasubiri kibali, unasubiri saini, unasubiri lori. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika chumba, ni tofauti ya mtu kushtakiwa na mtu kusaidia. “Kadi hii ina nukta saba, inasubiri masurufu” ni sentensi ambayo kijana wa miaka 24 anaweza kuisema mbele ya Mzee bila kukosa adabu.

Mzee anasimama nyuma, na anazungumza mwisho, kwa dakika zisizozidi mbili. Hilo lilikubaliwa kwenye mazungumzo ya faragha, halikutangazwa kikaoni. Wiki ya kwanza alisahau mara nyingi. Kocha hakumkatisha mbele ya watu hata mara moja. Baada ya kikao alimwonyesha daftari: dakika 26, kisha 19, kisha 11. Kiongozi akiona tarakimu yake mwenyewe inashuka, hakuna haja ya kumbembeleza.

Karani mkongwe hakulipenda jambo hili. Miaka mingi alikuwa yeye pekee anayejua nani wa kumpigia kwa wakala gani wa meli, na ubao ulikuwa unamwaga siri zake hadharani. Ukimlazimisha aandike anachokijua, ataandika nusu. Kilichofaa ni kumpa kijana mmoja wa bandarini amfuate alasiri mbili kwa wiki, na ofisi nzima ikamwita mwalimu. Baada ya mwezi kulikuwa na watu wawili wanaoweza kufuatilia hati kwa wakala wa meli, na karani yule akachukua likizo.

Droo ya Mzee

Mazungumzo ya kila wiki ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo iliyobeba matokeo. Kocha hakuanza na saini. Alianza na swali: nini kikitokea utajua kampuni imekwenda vibaya? Mzee akajibu bila kusita: kuibiwa. Amewahi kulipia malipo hewa, na tangu hapo karatasi yoyote ya fedha inapita mkononi mwake. Sababu hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Kocha anayemwambia mtu wa namna hiyo “wakabidhi watu madaraka” anamwomba aache mlango wazi.

Walichokubaliana kiliandikwa ukurasa mmoja. Masurufu yasiyozidi Sh 300,000 kwa faili, ambalo mteja wake ameshaweka fedha, yanasainiwa na msimamizi baada ya mhasibu kuthibitisha kwamba fedha imeingia. Zaidi ya hapo, Mzee anajibu kwa simu kabla ya saa 10 alasiri siku hiyohiyo, popote alipo. Kila Jumatano anapitia daftari la malipo yote ya wiki na anaweza kuliita faili lolote. Kiwango kilipangwa kutokana na rekodi: malipo mengi madogo yalikuwa chini ya hapo, na hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea kwa wiki Mzee aliweza kuitaja na kuikubali.

La pili lilikuwa simu. Wafanyakazi walihesabu kimyakimya kwa siku tano: Mzee aliwapigia wastani wa mara 17 kwa siku, na kila simu ilihamisha mtu kutoka faili moja kwenda jingine. Makubaliano: simu zote za “huu mzigo umefikia wapi” zinakwenda kwa msimamizi, na msimamizi anatuma picha ya ubao saa 4 na saa 9. Zilibaki simu tano. Hakuna sababu ya kutafuta sifuri.

Wiki ya sita

Mfanyabiashara wa Moshi, mteja mkubwa kuliko wote, alipiga simu Jumanne. Ana makontena matatu. Mzee akaagiza yote matatu yapewe kadi nyekundu wakati nafasi ya nyekundu ni moja na tayari ina mzigo. Vijana wakaacha kila kitu. Makontena yalitoka Ijumaa. Mafaili manne ya wateja wadogo yakapita siku zao za msamaha na tozo ikaanza kuhesabu.

Wapo watakaosema hapa kocha alipaswa kusimama na kukataa. Hana mamlaka hayo, na akijipa atayapoteza yote. Kwenye mazungumzo ya wiki aliziweka mezani kadi nne, na pembeni ya kila moja stakabadhi ya tozo. Hakusema neno. Mzee alizitazama, kisha akasema: “Yule ndiye anayelipa nusu ya mishahara humu.”

Hoja hiyo ni nzito kuliko kadi nne. Kosa la utaratibu lilikuwa kujifanya wateja wote wako sawa wakati biashara haisemi hivyo. Suluhisho likawa kumtengea mteja yule nafasi mbili za kudumu ndani ya vikomo, kwenye Kuandaa kadhia na kwenye Ukaguzi na kutoa, badala ya kumtolea nafasi za dharura. Akiwa hana mzigo zinatumiwa na wengine. Kadi nyekundu ikabaki moja, na anayetaka ya pili, hata akiwa Mzee, lazima achague mbele ya ubao ni kadi gani inarudishwa nyuma na nani atamjulisha mteja wake. Tangu sheria hiyo iwekwe, Mzee aliomba nyekundu ya pili mara moja, akazitazama kadi, akaiacha.

Kikao cha kujitathmini

Kilifanyika kila wiki mbili, Alhamisi saa 9 alasiri, muda wa saa moja. Ijumaa haifai, watu wanawaza msikiti na safari za nyumbani. Vikao viwili vya kwanza Mzee hakuwepo, kwa ridhaa yake. Kila mtu anaandika peke yake kwa dakika tano, karatasi zinachanganywa, na mtu anasoma isiyo yake. Ukianza kwa kuuliza “nani ana neno?” ataongea mwandamizi na wengine watamuunga mkono.

Kinachoharibu vikao hivi ni orodha ndefu. Kikao cha kwanza kilitoa mambo 11, na kama yote yangechukuliwa lisingefanyika hata moja. Likachukuliwa moja, orodha ya hati kwa WhatsApp, likapewa mwenye nalo na tarehe, na kadi yake ikabandikwa kwenye ubao uleule pamoja na kadi za mizigo. Kikao cha tatu Mzee aliingia, naye akaandika karatasi yake. Ilisomwa na kijana wa bandarini: “Nikisafiri sijui nimuulize nani.” Hapo ndipo picha za ubao za saa 4 na saa 9 zilipozaliwa.

Wiki ya 12: hesabu isiyotia chumvi

Ndani ya vikomo kuna mafaili 22 na ofisi inafunga 15 kwa wiki. Gawa: karibu wiki moja na nusu, siku 7.3 za kazi. Mzee alitaka kuandika kwenye kipeperushi “siku saba.” Isiandikwe. Hesabu ya zamani ya siku 15 ilianza faili lilipofunguliwa. Hii mpya inaanza hati zilipotimia. Ukiongeza mafaili 8 yaliyo kwenye Hati hazijatimia unapata 30 kwa 15, wiki mbili, siku 10. Ulinganisho wa haki ni 15 kwa 10. Kusogeza mstari wa kuanzia na kuuita ushindi ni kosa linalofanywa sana na timu zinazopenda kumfurahisha aliyezilipia mafunzo.

Wala mteja haahidiwi wastani, kwa kuwa wengi watazidi wastani. Chukua tena mafaili 20 ya mwisho, yapange kwa siku, hesabu mpaka la 17. Hapa la 17 lilikuwa la siku 12. Hiyo ndiyo ahadi: mizigo 17 kati ya 20 hutoka ndani ya siku 12 za kazi tangu faili kufunguliwa.

Ona pia kwamba kasi imepanda kutoka 14 hadi 15 tu. Vijana hawakunolewa kwa maana ambayo Mzee aliitaka mwanzoni. Kilichopungua ni kungoja, na sehemu kubwa ni hii: saini na masurufu, siku 3 na nusu, zimekuwa nusu siku, hati za mteja kutoka 4 hadi karibu 2.7. Muda wa vibali haujabadilika, na hakuna ubao utakaoubadilisha. Labda kuomba mapema zaidi.

Kocha anatoka kwa hatua. Wiki ya 13 na ya 14 haji kabisa. Anaporudi haulizi mambo yanaendaje. Anaangalia kama nukta zimewekwa asubuhi hiyo, kadi ngapi zina nukta zaidi ya tano, kama Meli bado ina kadi zenye tarehe iliyopita, na ni malipo mangapi yalirudi kwenye droo ya Mzee ilhali yako chini ya Sh 300,000. Hili la mwisho ndilo la kwanza kurudi nyuma, kwa kawaida baada ya hitilafu ndogo ya fedha, na likirudi mazungumzo ya kila wiki yaanze upya kabla ya kugusa jambo jingine.

Mzee ana tawi dogo Horohoro, mpakani, watu watatu, na ameomba ubao uleule upelekwe huko. Kule mizigo inakuja kwa malori, haisubiri meli, na faili linaweza kufunguka na kufungwa siku moja. Vikomo vya Tanga havina maana na safu ya Meli bado haina kazi. Wanahitaji daftari, mafaili yao 20 ya mwisho, na alasiri mbili za kuandika tarehe. Safu zitajulikana baada ya hapo.